Jibini ya Babu Ingoje

Miaka arobaini na mitatu nimeamka kabla ya jogoo
kuwakamua ng'ombe wekundu wa milima ya Cantal.
Maziwa yakiwa bado na joto la kiwele
nikayagandisha, nikayaminya kitambaani,
nikayalaza gizani juu ya mabua
mpaka ganda likaota manyoya ya kijivu.
Watu hutoka Lyon kuja kuinusa tu.

Leo Noémie, binti yangu,
kasimama mlangoni pa ghala, mtoto kiunoni:
"Hii, Baba, hapana. Bado."
Bado mpaka lini?
"Mpaka atimize mitano."

Mitano! Aubin ana miezi minane,
meno mawili, yote ya chini,
na tayari amekwisha kuilamba kola yangu.
Mimi nimekulia maziwa mabichi, nikataka kusema,
na sikufa.
Ndipo nikamkumbuka Lucette, dada yangu,
kiangazi kile, homa,
godoro likianikwa uani.
Mama alisema ni maji ya kisima.
Nikaumeza usemi wangu.

Noémie kaleta ya dukani,
ya maziwa yaliyochemshwa, chumvi haba,
nyeupe, isiyo na jina la mtu yeyote.
Akachota kiasi cha ukucha.
Asubuhi, si usiku, tupate mchana kutwa
kuitazama midomo, ngozi, pumzi.
Tukamkodolea macho
kama maziwa yanayokaribia kufura.

Hakuna kilichotokea. Alipiga chafya, basi.

Juma lililofuata, jibini ngumu.
Nilishika kisu nikate vipande vya mraba,
vizuri, kama ninavyowakatia wateja.
Noémie akanishika kiwiko:
"Koo lake halizidi mrija wa kalamu."
Nikakifuta kisu. Nikaikuna laini,
ikamwagika juu ya viazi vilivyopondwa.
Aubin akakunja uso
kama wakili aliyesomewa wosia mbaya,
akatafakari,
kisha akaachama tena.

Jioni nimeshuka ghalani peke yangu.
Jibini yangu haiwezi kungoja miaka mitano;
mwezi wa tatu inaanza kulia machozi.
Mimi nina sabini na mmoja, sijui.
Nimeandika kwa chaki juu ya boriti:
AUBIN, na mwaka wake.
Humu ndani unyevu hufuta kila kitu.
Nitaandika upya kila Aprili.