Vidato Sitini na Vinane

Nimevihesabu leo nikipanda na unga:
sitini na vinane, hadi mlangoni pangu.
Mbwa mwenye goti bovu atavipandaje?

Kule Kiamunyi, Chelagat alinifungulia banda.
Wenzake walibweka, wakaurukia wavu.
Yeye aliketi, akanipa mgongo
kama mpangaji aliyechoka kudaiwa kodi.
"Tulimtoa jaani Gioto," Chelagat akasema.
"Hatujampa jina. Tunaogopa kumzoea."

Roshani yangu ni hatua nne kwa mbili,
nusu yake ndoo na kamba ya nguo.
Bawabu Wafubwa anasema mwenye nyumba hajakataza,
ila pia hajaulizwa.
Nami zamu yangu kiwandani huanza alfajiri;
mchana kutwa nitamwachia upweke wangu
kama mtu amwachiaye jirani ufunguo.

Nikasema, nitafikiri. Nikaondoka.
Hakugeuka.

Usiku upepo wa ziwani umeleta vumbi la magadi.
Nikiosha sufuria moja, sahani moja,
nikasikia kucha sakafuni.

Lilikuwa bomba, linadondosha.

Nimelikaza.
Kisha nikaisogeza meza,
kidogo tu,
pembeni pakabaki peupe.