Pima Maji

Miaka thelathini na mbili nimesimamisha kuta za watu,
Tandika, Yombo, Mtoni,
kwa uzi, kwa timazi, kwa ile pima maji ya njano
ambayo kipovu chake kikitulia katikati
hata mwenye nyumba mbishi hunyamaza.

Sasa kipovu kimehamia kichwani.
Nikigeuka kitandani kutazama saa, kinakimbia,
na dari, niliyoipigilia mwenyewe,
inakuja kwa upande
kama sinia mkononi mwa mtu asiyeangalia aendako.
Nashika godoro. Mwajabu anashika mkono wangu.
"Imekuja?"
"Imekuja."
Tunangoja ipite, kama watu kwenye kivuko cha reli.

Kizunguzungu:
neno lenyewe halikutosheka kuzunguka mara moja.

Kliniki ya sukari, Temeke. Daktari Kokushubira,
binti mdogo, aligonga uma wa chuma ukalia nyiii,
akauweka juu ya kidole gumba cha mguu.
"Mzee, unasikia mtetemo?"
Nilisikia feni. Nilisikia muuza kahawa nje akigonganisha vikombe.
Mguuni nilipiga hodi, hakuna aliyeitikia.
"Simama. Unganisha miguu. Sasa fumba macho."
Nikafumba, na Dar es Salaam nzima ikahama kushoto.
Alinidaka begani.
"Mishipa ya fahamu," alisema. "Sukari imeila."
Sikuwa najua fahamu ina mishipa,
imepitishwa mwilini kama nyaya ndani ya lipu,
na kwamba panya anayeitafuna
nilikuwa namkoroga mwenyewe, kijiko baada ya kijiko.

Ijumaa ndala ya kushoto ilichomoka mahali fulani sokoni.
Nimeshafika duka la dawa, mtoto ananikimbilia nayo:
"Babu, hii si yako?"
Nikatazama chini. Mguu mtupu juu ya kokoto za moto,
umetulia kama wa mtu mwingine.
Vijana wa bodaboda wakacheka:
saa nne asubuhi, mzee keshapiga mbili tatu.
Mimi, ambaye tone halijawahi kupita kooni.
Sikujibu. Kujibu kungetaka nigeuze shingo.

Usiku umeme ukikatika ndipo mwili unapoungama.
Kumbe mchana kutwa nasimama kwa macho;
nyayo zilistaafu zamani, bila kuaga.

Hata udhu. Nikifumba macho kuosha uso naenda mbele,
paji limeshabusu bomba mara mbili.
Msikitini nasali kwenye kiti cha plastiki, safu ya nyuma,
kando ya ukuta nilioujenga mwenyewe nikiwa na nywele.
Nikiugusa kwa ncha ya kidole, kimoja tu, bila kuegemea,
dunia inatulia.
Kuna mahali lipu imevimba kidogo: nililipwa nusu, nikaharakisha.
Kidole kimepakumbuka. Kidole bado kinafahamu.

Jana Pazi akapiga simu, yule niliyemfundisha kuchanganya saruji.
"Mwalimu, huku Chamazi tunabishana. Ukuta umepinda, haujapinda?
Njoo uamue."
Nilicheka mpaka nikashika meza.
"Mwanangu, kwangu mimi hata bahari imepinda.
Tundika timazi. Lipe muda liache kuyumba,
usilishike, usilipulize,
halafu liamini lenyewe, mimi usiniulize."

Nikakata simu. Nikalitoa la kwangu kwenye ndoo, limeota kutu,
nikalifunga juu ya mlango.
Likayumba, nami nikayumba,
kila mmoja kwa mwendo wake.
Likatulia kwanza. Nilijua litanitangulia.
Mwajabu akapita na sufuria,
akainamisha kichwa kuukwepa uzi,
asiulize kitu.