Kiinua Mgongo

Malipo ya zamani yalikuwa na mwili.
Bibi yangu wa Kitangari aliyajua kwa viungo vyake:
mkaja wa kiuno kilichobeba mimba,
ubeleko wa mgongo uliobeba mtoto,
kiosha miguu kwa aliyetoka mbali,
kilemba kwa kichwa kilichokufundisha.
Ukimlipa mtu, ulimgusa pale alipochoka.

Siku hizo kilemba kilikuwa kitambaa.
Babu alimpelekea fundi wake wa kuchonga
dhiraa nne za bafta, bado zina harufu ya duka,
na fundi akazifunga palepale,
kichwa kikawa kikubwa kuliko mlango.
Mimi nilipohitimu ushonaji Masasi
nilitia elfu ishirini kwenye bahasha ya kaki
nikaandika juu yake: Kilemba.
Mwalimu alichungulia, akatia mfukoni,
akaenda zake kichwa wazi.

Na tuzo, usinichekeshe.
Tuzo ilikuwa senti ya kubandikwa
kwenye paji la mchezaji,
ikagandishwa na jasho lake mwenyewe.
Sasa ni kipande cha kioo chenye jina la mdhamini
na huwezi kukinunulia chumvi.

Lakini nilitaka kusema habari ya mama.

Mama, Somoe binti Nangumbi,
alibangua korosho kiwandani Newala miaka kumi na mmoja
mpaka asubuhi mashine ziliponyamaza
na meneja akasema: subirini kiinua mgongo.
Wakasubiri.
Ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma,
ukashuka,
ukapanda.
Wapo ambao migongo yao iliinuliwa na jeneza.

Mwaka jana, Juni, jina lake likabandikwa ukutani.
Tulikwenda benki, yeye na gauni la kijani nililomshonea usiku kucha,
pindo moja refu kuliko jingine kwa haraka yangu.
Karani alikuwa kijana wa heshima:
Mama, weka kidole gumba hapa.
Taa nyekundu.
Futa kidogo, mama, weka tena.
Nyekundu.
Cha shahada, nyekundu. Cha kati. Cha pete.
Mashine haikuona mtu.

Maana ganda la korosho lina mafuta yanayokula ngozi.
Jivu walilojipaka halikuzuia kitu.
Miaka kumi na mmoja yaliilamba
mistari aliyozaliwa nayo,
hadi ncha za vidole zikawa laini kama mgongo wa kijiko.

Nilisimama pale nikiyapitia maneno ya bibi:
kiuno kina lake, miguu ina lake,
kichwa, mgongo.
Vidole havikuachiwa neno.
Na mgongo wa mama, tazama, umenyooka;
alibangua ameketi kwenye benchi,
mgongo wake haumdai mtu.

Nyuma yetu foleni ikaanza kuguna.
Karani akajaribu mkono wa kushoto,
akafika kidole cha mwisho,
kile kidogo, kilichokaa kimejikunja mbali na ganda,
kisichojua kazi hata siku moja.
Taa ya kijani.
Huyo mvivu ndiye aliyemshuhudia mama kuwa ni mama.

Njiani nikamuuliza, basi hii tuiiteje?
Kiinua mgongo siyo.
Akanyamaza hadi tukapita stendi,
hadi kwa wauza mihogo ya kuchoma,
nikadhani hakunisikia.
"Iite deni," akasema,
"na waliotangulia walikufa wakiwa wadai."

Usiku alizimwaga noti mkekani.
Akalowesha kidole ulimini, akahesabu,
zikateleza.
Akaanza upya.
Mara ya nne akanisogezea rundo lote, bila hasira,
kama mtu anayekupa sindano umtungie uzi.

"Hesabu wewe," akasema.
"Wewe una mistari."