Namba Kumi na Saba

Asubuhi, maabara ya meno, Bombo.
Feni inazunguka kama imelazimishwa.
Bi Mwantumu wa Barabara ya Kumi na Tano
amekuja bila mswaki, bila chai,
kama karatasi ilivyoagiza,
na sasa hawezi kutema.

"Mama alinizaba kofi," asema, "kwa tone moja tu,
uani, mbele ya wageni.
Tangu siku ile sijatema mtu akiniona."

Ningeweza kumtajia ndimu.
Ningeweza kusema: embe bichi, chumvi, pilipili ya kusaga,
kinywa kingefurika chenyewe.
Lakini mate ya uchu hububujika mepesi, huficha mambo.
Nayataka yale yanayojikusanya polepole
mtu akiwa hana hamu ya kitu.
Basi tunangoja. Anainamia kichupa.
Mimi nageukia dirisha, nimsitiri.

Tone.

Kisha tone.

Robo saa nzima kwa mililita mbili,
na ndani yake uzi mwekundu
mwembamba kama wa kutarizi kofia.

Mashine haina adabu, husema yote:
protini zimezidi, kalsiamu imezidi,
na kimeng'enya kile kilacho nyama ya ufizi
kimejaa, kimekaa kitako.

"Yamesemaje?"
"Umewahi kuingia mapango ya Amboni?
Maji hudondoka na chokaa yake,
tone juu ya tone, jiwe likaota.
Na kinywani ndivyo. Chokaa ya mate
inaganda shinani mwa jino, ugaga unakuwa mwamba.
Juu kunajengwa, bibi,
chini mfupa unalika."

Akacheka, mdomo kaufunika kwa upindo wa kanga.
"Marehemu alivunja mawe ya saruji kule Pongwe
hadi kifua kikamshinda.
Kumbe machimbo mengine nilikuwa nayo mwenyewe."

Nikampangia siku ya kukwanguliwa. Alhamisi.
Alifika mlangoni, akarudi.
"Hayo mate yangu.
Mkimaliza, mnayapeleka wapi?"

Sikucheka. Mama yangu, Muheza,
hata kucha zake huzifukia.
Nikamwonyesha kibandiko: jina hamna,
ni kumi na saba tu.
Nikamwonyesha sinki, na dawa iwashayo pua.
Haikutosha.
Akasimama pale, mkoba kwapani,
hadi nilipomimina tone la mwisho
na maji yakapita juu yake.

Ndipo akameza mate,
akaenda zake.