Nani Kakutuma?

Jumamosi, saa mbili na robo, Mtaa wa Ledyard, Providence.
Theluji ya mwisho imegeuka majivu ukingoni mwa njia.
Nina msumeno wa kukunja, mkasi, kizibao cha rangi ya chungwa,
na kitambulisho ambacho Odete Furtado amenionya nisikivue:
bila hicho wewe ni mwizi wa matawi tu.

Miaka thelathini na mmoja nilitengeneza breki za mabasi.
Hakuna abiria aliyewahi kuteremka kunihoji.
Leo nimekata kijiti kimoja, unene wa penseli,
na dirisha la ghorofa ya pili limefunguka:

"Wewe! Nani kakutuma?"

Nainua kitambulisho. Hakisomeki kutoka kule.
Nainua uso. Nao hausomeki.
"Unautesa huo mti!"
"Bwana, umelala. Ndiyo maana tunakuja Machi."
Dirisha linafungwa. Labda hasira, labda baridi.

Wiki sita tulifundishwa, chini ya maktaba:
miguu isiache ardhi,
tawi lililokufa liondoke kwanza, kisha yanayosuguana
kama ndugu waliolazwa kitanda kimoja;
usiiguse kola, ule uvimbe tawi linapochomoza,
maana hapo mti hujifungia kidonda
kwa wakati wake, bila kuombwa.
Kuhusu watu tulifundishwa dakika kumi na tano,
na tano kati ya hizo projekta iligoma.

Bwana Palumbo anataka tuukate wote.
Ndege, anasema, wamelinyea gari lake mpaka rangi imebabuka.
Namwambia mamlaka yangu yanaishia unene wa kifundo cha mkono.
"Basi una faida gani?"
Mama mwenye mbwa wawili anapita: "Wauaji."
Kwa huyu mimi mvivu, kwa yule katili,
na mti ni uleule, na msumeno haujapata hata joto.

Askari anafika. Kuna mtu kapiga simu.
Kijana, masikio mekundu, kitambulisho anakisoma mara mbili,
anatazama nyuma, anashusha sauti:
mama yake ana mplamu, hauzai, afanyeje?
Namchorea mgongoni mwa karatasi ya faini:
kata hapa. Hapa usithubutu.

Kisha namba arobaini na nne. Mwaloni.
Tawi la chini, kavu, limenyooka juu ya njia
usawa wa paji la uso wa mtu mrefu.
Bibi Kazarian anatoka na ndara. Haniulizi nani kanituma.

"Hili?"
"Hili."
"Yervant alikuwa anatundika kofia hapo, akitafuta funguo."

Nakwangua gome kwa ukucha. Chini yake kahawia, hakuna kijani.
Anakwangua naye, mahali pengine.
Kahawia.
Pengine tena. Namwacha.
Odete, upande wa pili wa barabara, anajifanya anafunga kamba za viatu.

"Bakiza kidogo basi. Pa kofia."
Nikibakiza kisiki, uozo utapata mlango.
Namwambia hivyo, na nasikia sauti yangu ikiwa ya fundi wa breki.
Anatikisa kichwa, anarudi nyuma hatua mbili.

Mkato wa chini. Mkato wa juu. Wa tatu, nje ya kola, taratibu.
Nampa kipande kilichokuwa na alama ya ukingo wa kofia,
au nilichodhani ni alama.
"Mbao sitaki," anasema. "Nilitaka kile kimo."
Akanyoosha mkono mpaka pale tawi lilipokuwa,
akauacha hewani kidogo,
akaingia ndani.

Fomu: miti minne, matawi kumi na saba, malalamiko matatu.
Nimelowa magoti. Odete anamenya yai.

Dirisha la ghorofa ya pili linafunguka.
"Wewe! Umesahau moja, kule juu, kushoto. Limekufa kabisa!"
Natazama. Kweli.
"Nimeliona, bwana. Silifikii."
"Sasa nani atalifikia?"
Hilo hatukufundishwa.
Naandika namba ya simu ya manispaa kwa herufi kubwa,
naiinua juu kadiri mkono unavyofika,
naye anaisoma, moja moja, kwa sauti.