Njia ya Nane

Sokoni Mbuyuni, Moshi, juu ya gunia la maharage,
simu ya Mama Aikande imeegemea kopo.
Njia ya nane, kofia ya bluu:
ndiye Ndeshi, aliyeziba mfongo wa babu kwa magogo ya mgomba
apate pa kuogelea. Akachapwa.

Mita hamsini, mtindo huru.
Honi. Wameruka.
Wanawake wanane, kisha povu tu.

“Vuta, mwanangu, vuta!”
Muuza vitunguu kaishika chenji ya mteja hewani.

Kifurushi kikaisha.
Picha ikaganda: mkono juu,
kidole hakijagusa ukuta.

Hakuna aliyekimbilia vocha.
Mkono tumeuacha hapo hapo,
na Mama anapima maharage,
kila sado inamwagika.