Kurasa Zilizobaki

Walinikamata kwa ajili ya mikate sita.
Nilimuuzia mtu nisiyemjua, usiku, mvua ikinyesha;
kumbe alikuwa na bunduki chini ya joho.
Jaji wangu sikumwona. Aliketi nyuma ya kioo cheusi,
sauti yake ikapitishwa kwenye mashine, ikatoka kama ya bata,
na dakika kumi na moja zikanizalia miaka ishirini.

Basi niko huku juu, Puno, jirani na mawingu,
ambako maji ya beseni huganda kabla hujanawa
na jua hupenya kitundu cha dirisha
likiwa jembamba kama utambi, saa moja tu, kisha huaga.

Dada yangu Hermelinda alisafiri siku mbili kwa lori la viazi
kuniletea kitabu cha Maandiko cha bibi yetu.
Askari walikipekua wakitafuta barua,
wakakata uzi wa mgongo kwa kisu.
Koplo Nemesio, mvuta tumbaku, akajipimia fungu lake:
karatasi nyembamba, alisema, haina mfano kwa kusokota.
Nilichorudishiwa kinaishia gerezani.

Ni kile kisa cha kijana aliyesingiziwa na mke wa bwana wake,
akaacha vazi mkononi mwa mwongo, akatupwa ndani.
Mnaojua kisa chote mnajua pete, mnajua gari la farasi,
mnajua ghala zilizofurika na ndugu waliopiga magoti.
Mimi sina hayo. Nemesio aliyavuta.
Ikulu nzima ilimtoka puani, nikainusa kupitia mlangoni.
Ukurasa wangu wa mwisho unasema aliyeombwa kumkumbuka
alirudi kazini kwake, akamsahau.
Hapo ndipo karatasi inapochanika.

Mwaka wa kwanza nililia juu ya mpasuko ule.
Mwaka wa pili nikachoka, nikasoma kurudi nyuma,
kama mfumaji anayefumua akitafuta kosa,
nikakuta kitu ambacho wenye haraka ya kufika ikulu hukiruka:
kwamba Mungu alikuwa naye mle.
Mle. Herufi tatu.
Si getini ameshika funguo, si mwisho wa safari na zawadi.
Mle, penye kunguni na ndoo ya haja,
amekunja magoti Yake apate nafasi.
Na wema Wake haukuja kwa tetemeko la ardhi;
ulikuja kwa kumlainisha bwana jela.
Bwana jela, jamani!
Nilicheka hadi Eufrasia wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Sisemi haki imetendeka. Hukumu ile bado ni uongo,
nami nitaiita uongo mpaka ulimi ugande kama beseni.
Mwanangu Wilber ameota meno, amepoteza meno, sipo.
Simshukuru Mungu kwa ukuta.

Lakini alfajiri ya juzi, theluji imeziba kitundu,
kilango cha chakula kilifunguka kabla ya saa yake.
Mkono wenye vidole vya njano
ukasukuma mafundo matatu ya sufu ya alpaka, moja jekundu,
na sindano mbili za mbao, ambazo sheria inazikataza.
Hakusema neno. Nikasikia buti zake zikienda polepole.

Nimeanza soksi. Sijui ni za nani:
za Wilber, ambaye mguu wake sina kipimo chake,
au za Nemesio, anayekohoa usiku kucha,
kifua chake kimejaa kurasa zangu.